Boya la Pini

Ukimwona ana pini mdomoni, mwambie unalotaka. Mbishie bei, mcheleweshee kitambaa, dai kwamba shingo ya gauni imekaa upande hata kama haikukaa upande. Atakusikiliza huku macho yake yako kwenye mshono, atakujibu kwa mguno, na kazi itaendelea. Lakini akianza kuzitoa zile pini mdomoni na kuzichomeka moja moja kwenye kijimto alichokifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, basi tafuta mlango ulipo. Wateja wake walilijua hilo mapema, wakambandika jina la Pini, na jina likamganda hadi mumewe naye akaanza kumwita hivyo.

Kazi yake haina mpinzani mtaani, na sababu ni moja. Mafundi wengine wanabana kitambaa. Wanakata karibu na alama ili wabakize kipande cha kushonea kofia ya mtoto. Pini hakati kwenye alama hata siku moja. Kila upande anaacha upana wa kidole, huo anauita akiba ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa, akizaa, au akipata tu maisha mazuri, nguo irudi mezani ifumuliwe na kupanuliwa. Hapimi kidole hicho. Mkono wake unakiacha wenyewe, hata akiwa anazungumza, hata akiwa amekasirika.

Siku shemeji yake alipokuja kuzungumzia gari, mdomo wake ulikuwa umejaa pini.

Gari lenyewe lilikuwa bandani, na kati ya banda na chumba cha kushonea palikuwa na pazia tu. Lilifika nyumbani hapo ndani ya makasha, vipande vipande: bodi ya faiba, fremu ya chuma, mifuko ya bolti na nati, na kitabu cha maelekezo cha lugha isiyojulikana na mtu yeyote mtaani, chenye picha za mikono ya mtu asiye na kichwa ikionyesha mahali pa kukaza. Injini na gia ulitakiwa uvitafute mwenyewe kwenye gari kuukuu. Aliyeagiza wazimu huo ni mumewe, ambaye kila mtu alimwita Dereva kwa sababu hakuwahi kuwa kitu kingine. Miaka yote aliendesha malori ya watu, akikalia viti vilivyokwisha bonyea kwa makalio ya wengine na kushika usukani uliolainishwa na viganja vya wengine. Alitaka, kabla hajazeeka, aendeshe gari ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliendesha kabla yake. Watu wakacheka. Yeye akaendelea kuunga, na Pini akashona viti na dari.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa sukari, ikala taratibu. Kwanza hakuona vizuri jioni, halafu mchana, mwishowe akabakiwa na mwanga na kiza tu, na kivuli cha mtu anayepita mbele ya dirisha. Gari likasimama pale lilipofikia. Breki zilishika, taa ziliwaka, na injini ilikwisha ungurumishwa kwa chupa ya petroli iliyoning'inizwa kwa kamba. Lililobaki lilikuwa tangi. Fundi wa kuchomelea alikuwa amelitengeneza refu, la kina kifupi, likae nyuma ya viti, na juu yake akaacha tundu la duara kama mdomo wa kikombe kwa ajili ya boya. Boya ni kile kidude kinachoelea juu ya mafuta kwenye ncha ya mkono wa waya. Mafuta yakishuka nacho kinashuka, na mshale wa geji kwenye dashibodi unashuka pamoja nacho. Boya lilikuwa halijanunuliwa, na tangi lenye tundu halitiwi mafuta. Kwa hiyo gari zima, na viti vyake na dari lake, lilikuwa limekwama kwa ajili ya tundu moja.

Huyu shemeji, mdogo wake Dereva, ana duka la vipuri na sauti ya mtu anayeendesha mnada. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Ana ugonjwa mmoja tu, wa kuwapangia watu maisha yao na kuwaletea mpango ukiwa umekwisha kamilika.

"Kaka, nimepata mtu wa kulichukua lile gari," alisema, hata chai hajaigusa. "Analichukua lilivyo. Jumamosi nakuja na lori, tunapakia, habari yake inaisha."

Dereva alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono juu ya magoti. "Chukua tu," alisema. "Mimi nimekwisha. Nitalifanyia nini?"

"Ndiyo hayo. Gari la kukaa bandani ni nyumba ya panya."

Cherehani ilinyamaza. Pini alitoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kijimto. Akatoa ya pili. Shemeji aliziona, akavuta kikombe cha chai karibu kama mtu anayetafuta pa kujificha. Zilipokwisha zote, Pini alisema, "Halitoki."

"Shemeji, mwenye gari amesema nichukue."

"Mwenye gari amesema amekwisha. Mtu aliyekwisha hauzi kitu wala hatoi kitu. Viti vile nimeshona mimi, dari lile nimeshona mimi, na leseni ya udereva ninayo mimi. Halitoki."

Leseni alikuwa nayo kweli. Walipokuwa vijana, Dereva alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa malori wa bosi wake, Jumapili, uwanja ukiwa mtupu. Akafaulu, na tangu hapo kila leseni ilipokaribia kuisha muda alikwenda kuihuisha, yeye ambaye hakuwahi kumiliki hata toroli, akairudisha kwenye kopo la vifungo. Watu walimuuliza ya nini. Aliwajibu kwamba vifungo pia huwekwa kabla ya gauni.

Shemeji alicheka hadi chai ikamwagika. "Leseni ya kwenye kopo la vifungo. Na utaendesha nini, tangi lina tundu?"

"Nitafunga boya."

"Boya la nini? Ziba hilo tundu kwa kipande cha bati, mafuta upime kwa kijiti. Madereva wote wa kweli walipima kwa kijiti. Muulize mumeo huyo."

"Sitaki kijiti. Sitashuka garini kila saa nikachungulie tangi kama mwizi. Nataka niketi kwenye kiti changu nisome mshale kama wanavyosoma wenzangu."

Hapo shemeji akaona mchezo wake umepatikana. Akasema vizuri, iwe Jumamosi hiyohiyo. Gari likitoka hapa, likapanda mlima hadi kituo cha mafuta cha njia panda, na likarudi, bila kuvutwa wala kusukumwa, hatalitaja tena maishani mwake. Likishindwa, atalipakia kwenye lori palepale litakaposhindwa.

"Nimekubali," alisema Pini.

Hakuna aliyemuuliza Dereva, na Pini aligundua hilo baada ya shemeji kuondoka, alipomwona mumewe bado ameketi vilevile, mikono juu ya magoti. Alipata hasira upya, safari hii na nafsi yake. Lakini kilichomtisha zaidi ni lile neno. Nimekwisha. Dereva hakulisema kwa kulia wala kwa kulalamika; alilisema kama mtu anayesoma namba iliyo mbele yake. Pini alijua, kama anavyojua kitambaa kinachochuja kabla hakijatiwa majini, kwamba siku lori likiondoka na gari lile, mumewe atakuwa ameondoka nalo. Atakayebaki ni mtu wa kuhamishwa kivulini asubuhi na kurudishwa ndani jioni. Yeye hakuolewa na mtu wa kuhamishwa, na hakuwa tayari kuanza.

Boya alilinunua kwenye duka la shemeji huyohuyo, akalichagua mwenyewe huku shemeji akimtania kwamba analipelekea gari mauti yake. Lilikuwa la gari jingine, la tangi la kina kirefu, kwa hiyo mkono wake wa waya ulikuwa mrefu kupita kiasi. Alifika nalo nyumbani, akaliweka mezani, akamwambia mumewe waanze kazi.

"Waache walichukue," alisema Dereva.

Pini hakubishana naye. Alivuta pazia, akaingia bandani peke yake na kopo la spana, akaanza kufanya kazi kwa sauti.

"Hizi skrubu hazitaki kuingia," aliuambia ukuta. "Naleta nyundo."

Kule mlangoni Dereva alikohoa.

"Na hii gasketi ya kuziba mdomo wa tundu naona kubwa. Naikata nusu."

Kiti kililia kidogo.

"Na huu waya mwekundu sijui unakwenda wapi. Naukata."

"Mke wangu," sauti ya Dereva ilikuja polepole, "weka hilo koleo chini."

Akaja akipapasa ukuta, akavuka pazia, akagonga goti kwenye tairi na kulitukana. Pini alishika mdomo asicheke. Dereva alinyoosha mkono, akapewa boya, akalizungushazungusha kwenye vidole vyake.

"Nilijua ungekuja," alisema Pini.

"Sikuja kwa ajili yako. Mtu hawezi kuketi akasikiliza mauaji."

Tangu hapo wakawa na kazi ya watu wawili, mmoja akiwa na macho na mwingine akiwa na ujuzi. Dereva alitaka boya lijaribiwe kwanza likiwa nje ya tangi. Pini akaunga waya mmoja kwenye geji na mwingine kwenye fremu, akauinua ule mkono juu.

"Mshale unafanya nini?"

"Unapanda."

"Shusha."

"Unashuka."

"Basi hivi viwili vinaelewana. Vipo vinavyofungwa pamoja na havielewani. Umejaza tangi, geji inakwambia tupu."

Tatizo lilikuwa mkono wa waya. Ndani ya tangi fundi alikuwa ameweka ukuta wa bati, mafuta yasikimbilie upande mmoja kwenye kona, na boya likigusa ukuta huo litaganda. Dereva angekuwa na macho angekisia tu, kama mafundi wanavyokisia, apinde, ajaribu, apinde tena. Pini alifanya anavyofanya kwa gauni. Alitandika karatasi ngumu ubavuni mwa tangi akachora umbo lake, akaingiza rula kwenye tundu akapata kina, akachora ule ukuta wa ndani mahali pake, kisha akakata mkono wa karatasi na kuuchomeka kwa pini pale kiungo kinapokaa. Ikawa patani ya tangi, kielelezo cha karatasi kama kile anachokatia gauni. Aliuzungusha mkono wa karatasi juu na chini akaona unapita bila kugusa ukuta, akauchukua mkono wa mumewe na kuuweka juu ya karatasi.

Dereva alipitisha vidole kwenye kingo zote. Alirudia mara kadhaa, na uso wake ukalainika. "Kumbe lina mteremko huku nyuma," alisema. "Sikuwahi kuliona hivi hata nilipokuwa naona."

Alama ya kukata waya waliiweka pamoja. Dereva alishika ncha, Pini akachora kwa chaki kufuata patani, huku akimsimulia habari za bibi harusi aliyetaka gauni la kubana na mahari ya kubana. Dereva alikuwa anaguna kwa kicheko. Mkono wa Pini ukaenda wenyewe, koleo likauma, kipande cha waya kikaanguka sakafuni.

"Umekata?"

"Nimekata."

Mengine yalikwenda vizuri. Matundu matano ya skrubu hayakupangwa kwa usawa, makusudi, ili boya likae kwa namna moja tu, na Pini aliligeuza mara moja akalipata. Tangi lilikuwa limepakwa rangi na limekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme haukuwa na njia ya kurudi. Dereva akamwelekeza akwangue rangi kidogo kwenye fremu, aunge waya kutoka kichwani mwa boya hadi pale. Walikaza skrubu kwa kupishanisha, wakamimina dumu la petroli kwa furaha, ndipo wakawasha. Mshale ukainuka, ukapita robo, ukatulia.

"Uko wapi?"

"Robo na ushee."

Dereva akaomba injini iachwe iungurume. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kichwa kimeinama upande, akasikiliza mchana mzima kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani kwao. Pini alikuwa anashona upande wa pili wa pazia na hakuthubutu kumwambia azime. Mafuta yalikwenda, mshale ukashuka hadi robo, na ukakaa hapo. Pini alichungulia kabla ya kulala, ukawa robo. Asubuhi, robo. Akasema robo inatosha kwenda na kurudi na kubaki.

Jumamosi shemeji alikuja na lori, kamba nene begani, na kijiti kirefu kilichomenywa gome. Alikipitisha kwenye dirisha la gari akakilaza kwenye mapaja ya kaka yake. "Chukueni na geji ya akiba," alisema.

Pini alikalia kiti cha usukani. Alikuwa na pini moja tu kati ya meno, na gauni alilojishonea mwenyewe, na leseni kwenye mfuko wa kifuani. Akawasha, akaachia klachi, na gari lisilowahi kuendeshwa na mtu likatoka langoni mbele ya mtaa mzima. Kinyozi alitoka nje na mteja wake aliyenyolewa nusu. Dereva aliketi upande wa kushoto, kiti alichokuwa hajawahi kukipenda kwenye gari lolote, akiendesha kwa masikio.

"Ya pili. Bado, bado. Sasa. Usiinyonge, ipe pumzi."

"Nani anaendesha?"

"Wewe. Mimi natoa tu ushauri wa bure."

Walipanda mlima. Lori la shemeji liliwafuata nyuma kama daktari anayesubiri mgonjwa akate roho. Nyumba zikapungua, upepo ukaingia. Pini alitamani barabara iwe ndefu zaidi. Bango la kituo cha mafuta lilikuwa limekwisha onekana pale juu injini ilipokohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Pini alivuta breki ya mkono. Mshale ulikuwa robo.

Shemeji alishuka na sigara mdomoni na kamba mkononi, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya alijitahidi asionekane anafurahi. "Shemeji, umejitahidi. Kweli kabisa. Sasa nifunge kamba."

"Mafuta yapo," alisema Pini. "Robo nzima."

Dereva alifungua mlango, akashuka, akapapasa hadi nyuma ya viti, akainua kifuniko na kuligonga tangi kwa kifundo cha kidole. Akagonga juu, akagonga chini kabisa. Likalia kama debe.

"Hili ni tupu," alisema. "Geji inasema uongo."

Pini alitoa ile pini kati ya meno. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumwonyesha mlango ila yeye mwenyewe. "Zima sigara," alimwambia shemeji, naye akaizima chini ya kiatu bila kujua kwa nini ametii haraka hivyo. Pini akafungua skrubu tano, akalivuta boya nje, akaligeuza. Chini yake palikuwa pamekwanguka, panang'aa. Lilikuwa limekalia sakafu ya tangi. Mkono ulikuwa mrefu. Boya liligonga chini kabla mshale haujamaliza kushuka, likalala pale linasema robo. Na wao walikuwa wamemimina mafuta kabla ya kuwasha, hawakuwahi kuona geji inasemaje tangi likiwa tupu. Alipima urefu uliozidi kwa kidole chake. Ulikuwa upana wa kidole barabara, na akajua kilichotokea kama mtu anavyojua mwandiko wake.

"Nimeacha akiba ya mshono," alisema.

"Umeacha nini?" aliuliza Dereva.

"Kwenye waya. Tuliweka alama, nami sikukata kwenye alama. Nimekata ninavyokata siku zote."

Dereva aligeuza uso kuelekea sauti ya mkewe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau kikamtoka, kikubwa, hadi akaegemea gari. "Pini," alisema, "umelishonea tangi gauni la kunenepea."

"Haya, tumecheka," alisema shemeji. "Mmeshindwa lakini. Nifunge kamba?"

"Tulisema bila kuvutwa wala kusukumwa," alisema Pini. "Hakuna aliyesema bila kusimama. Weka kamba yako kwenye lori, na kama una haraka, nenda. Mimi nina gauni la kupunguza hapa."

"Na mafuta utayatoa wapi?"

"Nipe dumu," alisema Dereva.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja, na mkononi mwa pili ameshika kile kijiti cha kupimia mafuta. Tangu macho yalipomwacha, Dereva alikataa fimbo. Alisema fimbo ni tangazo. Hakuwa amekwenda popote peke yake, hata dukani, na safari zake zilikuwa kutoka kitandani hadi kile kiti cha mlangoni.

"Kaka, acha, twende na lori."

"Pampu naisikia kutoka hapa. Nimeegesha malori kwenye kituo kile kabla wewe hujaota ndevu. Nipe dumu, mke wangu."

Pini alilitoa dumu tupu chini ya kiti, akampa. Shemeji alianza kumfuata, Pini akamshika shati.

"Mwache."

"Ataanguka kwenye mfereji, shemeji."

"Akianguka atainuka. Mwache aende."

Alisema hivyo kwa ukali, na roho yake yote ilikuwa inakwenda nyuma ya yule mtu aliyekuwa akipanda ukingoni mwa barabara, akigusa ukingo wa mfereji kwa kijiti, dumu likimgongagonga pajani. Mara moja aliyumba, na Pini akauma mdomo hadi ukauma kweli. Kisha akageuka, kwa sababu alijua asipofanya kazi atapiga kelele. Alishika waya kwa koleo, akaukunja katikati kama anavyokunja kitambaa kilichozidi, akaupiga pindo ili ufupike bila kukatwa. Akapima kwa kidole. Akatafakari, akaukunja tena, pindo la pili. Shemeji alisimama na kamba yake begani, anatazama barabara, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na mpango.

Dereva alirudi amelowa jasho, suruali ina vumbi gotini, na dumu limejaa nusu, maana nusu ndiyo aliyoweza kubeba kwa mkono mmoja. Hakusema kama alianguka na hakuna aliyemuuliza. Pini alikuwa amekwisha kaza skrubu. Akawasha umeme kwanza kabla ya kumimina, na mshale ukalala chini kabisa, mwisho wa mwisho. Ndipo wakamimina.

"Umepunguza kiasi gani?" aliuliza Dereva.

"Kidole kimoja cha kosa langu. Na kimoja cha makusudi."

"Cha makusudi cha nini?"

"Utaona," alisema Pini, kisha wote wawili wakanyamaza kwa ajili ya neno hilo, na Dereva ndiye aliyeanza kucheka.

Injini ilikohoa, ikakohoa, ikashika. Walifika kituo cha mafuta, Pini akalizungusha gari mbele ya pampu bila kusimama, kama mtu anayeonyesha nyuma ya gauni jipya, na wakaanza kuteremka. Shemeji aliwapita na lori ili awahi kuwafungulia lango. Kushindwa alikuwa amekwisha kubali; alitaka angalau abaki na kazi ya mwenyeji.

Mtaa ulikuwa bado umesimama nje. Mteja wa kinyozi alikuwa bado amenyolewa nusu. Walipokaribia nyumbani Pini alipunguza mwendo, akatazama dashibodi.

"Mshale unasemaje?" aliuliza Dereva.

"Umelala chini. Unasema yamekwisha."

"Na kweli yamekwisha?"

"Kuna kidole kizima chini ya boya. Nimekiacha mwenyewe."

Dereva alipapasa, akapata dirisha, akateremsha kioo hadi mwisho na kutoa kiwiko nje kama alivyokuwa akikitoa zamani kwenye malori ya watu. Shemeji alikuwa amesimama langoni, ameshika komeo, lango liko wazi.

"Basi usikate kona," alisema Dereva. "Nyoosha."

Pini akatia gia ya tatu, wakampita.